Kupe, Simama

Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja, hata awe na nguvu za ng'ombe wa jembe. Kinataka wawili, na hao wawili wazungumze njia nzima kama wambeya. Ngazi hiyo. Kulia kidogo. Pumzika. Marehemu baba, aliyetuachia duka hili la vioo, alizoea kusema kioo hubebwa kwa mdomo, mikono inasaidia tu.

Mimi ndiye ninayekata. Kubeba na kufunga ilikuwa kazi ya mume wangu na mdogo wangu wa kiume anayeishi nasi chumba cha uani, kitinda mimba wa mama. Walipendana hao hadi nikaona wivu. Shemeji huku, shemeji kule, sahani moja, koti moja la mvua. Ukimtafuta mmoja, ulimuuliza mwenzake.

Kisha uchaguzi ukakaribia na kila mmoja akawa na chama chake. Hilo halikunisumbua. Baba na mama walipigia kura vyama tofauti miaka yote, na bado walizaa watoto sita. Mwanzoni hata wale wawili walibishana vizuri: bei za vitu, barabara isiyokwisha, nani aliahidi nini akasahau. Mtu alimsikiliza mwenzake, japo kwa kumvizia ateleze amkamate. Sijui hoja ziliisha lini. Ninachojua ni kwamba kwenye mikutano ya kampeni wasemaji walianza kuitana majina ya wadudu na wanyama, umati ukashangilia, na majina hayo yakaletwa nyumbani kwangu kama matope kwenye viatu.

Mume wangu, kwa kuwa chama chake kiko madarakani siku nyingi, akawa kupe. Mdogo wangu akawa mbwa koko.

"Kupe, nisogezee chumvi."

"Mbwa koko na chumvi wapi na wapi? Wewe chakula chako kiko jalalani."

Mwanzoni walicheka, nami nikacheka nao. Siku zikaenda, kicheko kikapungua, majina yakabaki. Jioni moja mume wangu aliweka kijiko chini, akasema polepole, "Shemeji, mimi mtu mzima, nina heshima yangu. Kuanzia leo ukiniita kupe, siitiki. Hata nyumba ikiwa inaungua."

"Usiitike," akasema mdogo wangu. "Kupe tangu lini akaitika? Kazi yake kunyonya."

Nikapandwa na hasira. Niliwaambia atakayetaja siasa nyumbani au dukani atafute pengine pa kula na pengine pa kufanya kazi. Walinitii. Walinitii kupita kiasi, maana waliacha siasa wakaacha na mengine yote. Hakukuwa tena na habari za asubuhi, wala shemeji umelalaje. Walibeba vioo vyangu kama watu wanaobeba jeneza la mtu wasiyemjua, na aliyetaka kusimama alikohoa. Pale tu kikohozi kilipokuwa hakitoshi ndipo yale majina, kupe na mbwa koko, yaliporudi, maana majina mengine walikuwa wameshayapoteza. Mimi mjinga nikadhani tumepata amani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na kazi mezani?

Siku yenyewe tulikuwa tunafunga kioo cha chumba cha mikutano kwenye jengo la ofisi, ghorofani. Mimi nilitangulia juu kusafisha fremu. Wao wakapanda nacho, mume wangu mbele, mdogo wangu nyuma yake, chini, uzito wote ukimlalia. Ngazi za jengo lile zina kona, na kwenye kona kuna reli ya chuma. Wa mbele akishakata kona haoni tena nyuma. Wa nyuma ndiye anayeona kioo kinakaribia kugusa chuma, na ndiye wa kusema.

Ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa, jengo kimya kiasi kwamba nilisikia hatua zao zinapanda. Nikasikia na sauti ya mdogo wangu, kali, wazi kabisa.

"Kupe, simama!"

Viatu vya mume wangu vikapanda ngazi moja zaidi.

Mlio wa kioo kikipasuka naujua tangu utotoni na sijauzoea. Nilishuka mbio. Mume wangu alikuwa bado amenyoosha mikono, ameshika hewa. Mdogo wangu amekaa kwenye kona, anautazama mkono wake wa kulia kama mali ya mtu mwingine. Kipande kimoja kilikuwa kimeteleza kikapita kwenye kiganja, glovu na nyama pamoja. Habari za damu niacheni nisizieleze.

Daktari alishona alivyoweza. Akatuambia vidole viwili huenda visikunjike tena. Jioni ile nyumba ikajaa shangazi na majirani, na mdogo wangu kaketi katikati yao, mkono umefungwa mkubwa kama mto wa mtoto. Mama, aliyekuja kumuuguza na kubaki nasi, akauliza ilikuwaje.

Mume wangu aliangalia sakafu. "Hakusema kitu, mama. Angesema, ningesimama."

Mdogo wangu alimtazama, asijibu. Kujitetea kungemlazimu alitamke lile neno mbele ya mama.

Hapo nikawaka. Neno likanijia ulimini, fupi, la mnyama, linalomkaa mume wangu kama kavalishwa na fundi. Lilikuwa tamu, sisemi uongo. Shangazi zangu wangelishangilia. Lakini nilimjua mume wangu: ningempa jina, angekasirikia jina, na nyuma ya hasira hiyo angejificha hadi kesho. Nikalimeza, likashuka kama dawa chungu.

"Mume wangu," nikasema, "alisema. Mimi nilikuwa juu, nikasikia. Wewe ulikuwa karibu yake kuliko mimi."

Mume wangu aliinua macho kutoka sakafuni.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia kupe. Nikasema moyoni, leo simwitikii. Mguu nao ukaenda."

"Kupe ndiye nani?" mama akauliza.

"Shemeji lilikuwa limeshafika mdomoni," akasema mdogo wangu, macho yake kwenye bandeji. "Nikalirudisha. Niliona nikikuita shemeji utadhani nimeshindwa mimi."

Mama alituangalia mmoja mmoja, kisha akainuka akaenda kulala bila kuaga mtu.

Uchaguzi ulifika ukapita. Aliyeshinda alishinda, na wagombea wote wawili walionekana wakipeana mikono na kutabasamu. Mdogo wangu mpaka leo anafungwa vifungo vya shati na mama. Vidole vile viwili havikukunjika.

Kioo nilikata kingine, maana ofisi ilikuwa inangoja. Nikashika nyuma mimi, mume wangu mbele, tukaanza kupanda ngazi zilezile. Mdogo wangu hatukumwita. Tulimkuta kwenye kona, ameegemea ukuta, mkono mbovu kifuani, mzima mfukoni.

"Nimekuja kwa ajili ya dada," akasema, bila kumwangalia mwenzake.

Uzito ulinilemea. Nilikuwa nahema, jasho limeniingia machoni, reli siioni. Kioo kikasogea, na kikasogea tena.

"Shemeji, simama."

Mdogo wangu alilisema kavu, kama anatema kitu. Mume wangu alisimama kabla neno halijaisha. Nilipoinua macho nikaona machozi yanamtoka mume wangu, yanafika kidevuni, na mikono yote miwili imeshika kioo, hawezi kujifuta.

Mdogo wangu aliyaona pia. Alikuwa na mkono mmoja mzima, na alisimama karibu. Akauacha mfukoni.

"Haya," akasema. "Kulia kidogo. Taratibu. Ngazi hiyo."