Sahihi Niliyompelekea Rosa

Ijumaa, tarehe 8 Septemba 1995. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya michai hadi saa mbili, kisha jua likatoka kali, na upande wa Sondu kulikuwa na wingu jeusi ambalo halikuonekana kuwa na haraka. Nilichuma kapu moja tu. Kufikia saa nne nilikuwa nimeoga na kuvaa gauni la kanisani, na mume wangu Nicholas alikuwa ameketi mlangoni akipaka viatu vyake rangi huku akinicheka.

"Mama Fancy, hata siku ya harusi hukuharakisha hivi."

"Siku ya harusi nilijua nitakukuta," nikamjibu. "Leo naenda kuona mtu niliyemngoja miaka ishirini na sita."

"Mtu ama picha?"

"Twende, utajionea."

Mwaka 1969, kabla sijaolewa, nilikaa na dada yangu kwenye kambi ya wachuma chai karibu na Kericho. Mara chache kwa mwaka gari la sinema lilikuja. Walitundika kitambaa cheupe kwenye ukuta wa stoo ya mbolea, nasi tukakaa chini kwenye nyasi. Filamu zilisema Kiingereza. Ndani ya gari alikuwako mtu aliyetueleza kwa Kiswahili kupitia spika, kama vile mkalimani anavyosimama kando ya mhubiri aliyetoka ng'ambo. Hakuna aliyemwangalia mtu huyo. Sisi tulimwangalia Rosa.

Rosa alikuwa mwanamke wa shamba katika filamu hiyo. Karani mmoja mwenye tai alimletea karatasi ya kuuza ardhi na kidude cha wino, akamwambia aweke kidole gumba. Rosa alimtazama. Akausukuma ule wino kando kwa mkono mmoja, akainua kidevu, na spika ikasema: "Sitaweka kidole tena. Leteni kalamu, nitaandika jina langu."

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikaa nimeshika vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu wa chai, kwa sababu mimi pia sikujua kuandika jina langu.

Miaka miwili baadaye niliolewa kanisani. Nicholas alitia sahihi. Mimi niliwekewa wino. Nilikumbuka maneno ya Rosa pale pale mbele ya mchungaji, lakini ningesema nini, na kalamu sikuijua? Niliweka kidole, kisha nikajisahau nikapangusa kwenye gauni la harusi. Doa hilo lipo hadi leo. Gauni nimelitunza, doa limejitunza lenyewe.

Mwaka 1993 Mwalimu Noah Kiplangat alipofungua darasa la jioni la watu wazima katika shule ya msingi hapa Kiptere, mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Baada ya miaka miwili nasoma Biblia mwenyewe, polepole, kwa kidole. Mwalimu akaanza kunisukuma: niandikishwe kama mtahiniwa wa mtihani wa darasa la nane wa mwaka ujao. Niliogopa. Binti yangu wa mwisho, Chemutai, mdogo wake Fancy, yuko darasa la saba. Ina maana ningefanya mtihani chumba kimoja na mtoto wangu, na nikianguka, kijiji chote kingejua ni nani aliyeanguka katika nyumba hiyo.

Mwalimu alisema daftari la majina angelifunga siku ya sherehe ya kusoma na kuandika, mgeni akishaondoka. Na mgeni, alisema, ni shangazi ya mke wake, mama mmoja wa Kisumu aliyewahi kuigiza katika filamu zamani. Perpetua Adoyo. Yule aliyekuwa Rosa.

Usiku huo niliomba kwa muda mrefu. Nikafanya kama Gideoni wa Biblia, aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo. Nilimwambia Mungu: "Bwana, nitamwambia yule mama maneno yake. Akiyakumbuka, nitajua ni Wewe, nami nitaandikisha. Asipoyakumbuka, niache na cheti changu cha watu wazima, nitashukuru." Sikumwambia mtu mwingine ila Nicholas.

Tulipofika shuleni Ijumaa hiyo, darasa lilikuwa limejaa. Mama Adoyo alikuwa ameketishwa mbele, kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Nilishangaa. Ukutani mwa stoo alikuwa mrefu kupita mlango, na sasa miguu yake haikufika chini vizuri. Alikuwa na miwani, bakora, na kicheko kikubwa kuliko mwili. Wanawake walikuwa wamempa mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa jivu la mti, katika kibuyu, akanywa yote, na masharubu ya maziwa yenye jivu yakabaki juu ya mdomo wake.

"Usinipanguse," alimwambia mke wa Noah. "Haya ndiyo mapambo yangu ya leo."

Watu walipanga foleni na daftari zao, kila mmoja akitaka sahihi ya mgeni. Mbele yangu alikuwa Ombati, fundi wa viatu aliyehamia kwetu kutoka Chepilat, ambaye darasani hukaa nyuma na kusumbua. Siku hiyo alikuwa kimya ajabu. Alipofika mbele, alitazama chini, akapata sahihi yake, akaenda zake pembeni.

Zamu yangu ikafika. Nilitoa karatasi ndani ya Biblia.

"Shikamoo, mama. Mimi sikuja kuomba sahihi. Nimekuletea yangu."

Alipokea, akasoma: *Esta Chelangat*. Akanitazama juu ya miwani.

"Hii imeandikwa na mtu aliyebonyeza kalamu kwa nguvu," alisema. "Kwa nini unanipa mimi?"

Nikamweleza kila kitu, stoo, wino, gauni. Nilisimama wima nikamwambia maneno yake, yote, kama nilivyoyasikia. Kisha nikangoja.

Mama Adoyo alivua miwani.

"Mama Esta," alisema taratibu, "ningependa sana kukudanganya. Lakini uko na Biblia mkononi. Hayo maneno sikuyasema."

"Labda umesahau, mama. Ni zamani."

"Hapana. Nayakumbuka vizuri kwa sababu yaliniudhi. Nilisema hivi: 'Bwana, mimi ni mwanamke tu. Mngojee mume wangu, yeye ndiye anayeamua.' Ndivyo ilivyoandikwa."

Ngozi ya Gideoni ilikuwa kavu kabisa. Maneno niliyoyabeba tangu usichana, niliyoyasema kimoyomoyo nikijifunza herufi a, hayakuwa na mwenyewe.

Mwalimu Noah, ambaye hakujua habari za maombi yangu, alifungua daftari lake. "Sasa Mama Fancy, kwa kuwa uko hapo mbele, nikuandike?"

"Niache tu, mwalimu," nikasema. Nicholas alinitazama kutoka dirishani. Alielewa.

"Mwalimu!" Sauti ilitoka nyuma. Ni Ombati, amesimama juu ya dawati. "Kabla hujafunga hilo daftari, mimi niko na dhambi ya kutubu."

"Ombati, shuka. Leo si siku ya mchezo."

"Si mchezo. Ile gari ya sinema, mimi ndiye nilikuwa kwa spika."

Watu wakageuka wote.

"Wewe?" nikasema. "Kiingereza ulijifunza wapi?"

"Hapo ndipo dhambi iko, Mama Fancy. Kiingereza sikujua. Nilimwambia yule mkubwa wa gari najua, kwa sababu nilitaka kazi. Kwani mnafikiri kwa nini nakuja hapa kila jioni na uzee huu? Natafuta kile nilichosema ninacho."

Kicheko kilipasuka, hata Mama Adoyo akashika mbavu. "Sasa ulikuwa unatafsiri nini, mzee?"

"Nilikuwa naangalia uso, mama. Mtu akikasirika, nasema ya kukasirika. Akipenda, nasema ya kupenda. Nilipofika kwako, nikaona mkono umesukuma wino, kidevu kiko juu. Nikasema, Ombati, mwanamke wa uso kama huu hawezi kuwa anangoja mtu. Huyu anataka kalamu. Nikasema hivyo. Nimesema hivyo katika kambi zote, kutoka Kericho mpaka Sotik."

Mama Adoyo hakucheka tena. Aligeuza karatasi yangu mikononi.

"Aliyeongoza ile filamu aliniambia nilie hapo," alisema. "Machozi yakakataa. Tulirudia mara nyingi, nikagombezwa. Mdomo wangu ulisema walichoandika, lakini uso nilikataa kuwapa. Nilirudi nyumbani nikifikiri hakuna aliyeona." Akamwelekezea Ombati bakora. "Kumbe uliona wewe."

"Niliona, mama. Na ndiyo maana leo niliogopa kukuangalia."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Nilikumbuka kwamba Gideoni aliomba mara mbili: mara ya kwanza ngozi ikalowa, mara ya pili ikawa kavu, na zote mbili zilikuwa jibu.

"Mungu aliyempa punda wa Balaamu maneno," nikasema, "hawezi kushindwa na Ombati."

"Sasa mimi ndiye punda?"

"Punda aliona malaika, mzee. Kubali."

Mama Adoyo aliomba asaidiwe kusimama. Akaegemea bakora. Kwenye meza kulikuwa na kikombe chake cha chai. Akakitazama kama mtu anayetazama kitu kinachonuka, akakisukuma kando kwa mkono mmoja, akainua kidevu, masharubu ya mursik yakiwa bado pale pale. Nikamwona Rosa. Nawaapieni, alikuwa mrefu kama stoo.

"Sitaweka kidole tena," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Leteni kalamu, nitaandika jina langu."

Safari hii nami nilipiga makofi. Kisha akanigeukia, akanirudishia karatasi yangu. Chini ya jina langu alikuwa ameandika lake.

"Mimi nimesema ya kwangu, nimechelewa miaka ishirini na sita. Wewe?"

Wakati huo huo lile wingu la Sondu lilikumbuka safari yake. Mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati, kelele tupu. Nilimwambia Mwalimu Noah aandike, akaweka mkono sikioni.

"Hatusikii!" Ombati alipiga kelele kutoka nyuma. "Na safari hii sitafsiri!"

Nicholas alikuwa ameingia ndani, kofia imejaa mawe ya mvua, amesimama karibu na mlango akinitazama na kutabasamu. Nikapanda juu ya benchi, na gauni langu la kanisani, Biblia kifuani, nikapaza sauti kuliko nilivyowahi kuipaza popote:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, mimi Esta Chelangat, mwaka ujao nitaketi na watoto wa darasa la nane na kufanya mtihani ule, nipite nisipite, na jina juu ya karatasi nitaliandika kwa mkono wangu!"