Mkalimani Juu ya Andaki

Waasi walioishika Beni waliponiita nikawatafsirie, nilikubali kwa sababu moja tu: kaka yangu Malachie alikuwa kwenye andaki la kamanda wao. Andaki ni shimo la kufungia watu. Wakati ule wa vita kila mtu wa Beni alilijua, ila hakuna aliyelitaja kwa sauti. Malachie aliuza sabuni huko kwetu Butembo, na askari wa kamanda walimchukua nyumbani kwa mama, mtaa wa Kimemi, wakisema ni mpiganaji. Mpiganaji! Hata kuku wa Noeli alinisukumia mimi nimchinje.

Meja wa walinda amani aliyetumwa kukagua mahabusu alitoka Uruguay na alijua Kihispania tu. Kamanda alikulia ng'ambo ya mpaka na alipenda kujitapa kwa Kiingereza. Mimi nilifundisha Kiingereza, na Kihispania nilikipata kwa masista waliotoka Hispania. Kamanda hakujua mimi ni dada wa nani. Nilikaa katikati yao. Niliogopa sana, sitaki kujifanya shujaa.

"Ma prof," kamanda aliniambia kabla ya kuanza, "utasema tu ile mi nasema. Secrétaire yangu alisoma Cuba. Anasikia yote."

Katibu akatabasamu. Nikajua sina pa kupenyeza hata neno moja.

Meja akauliza wafungwa wako wapi. Kamanda akaegemea kiti. Hana mfungwa hata mmoja, alisema: watu wote walikuwa disarmed, kisha dismissed, mwisho dispersed. Yaani walinyang'anywa silaha, wakaachiliwa, wakatawanyika. Aliyapenda maneno yale yanayoanza sawa, akayatoa moja moja kama mtu anayeonja asali. Sista alikuwa amenifundisha kwamba neno la Kiingereza lenye dis mbele mara nyingi lina ndugu yake wa Kihispania mwenye des. Nikasema desarmados. Nikasema despedidos. La tatu lilikataa kubadilika, nikasema dispersados. Kila neno lilikuwa sahihi, na kila neno lilizidi kumfukia kaka yangu. Meja aliandika yote, akafunika kalamu yake.

Tukatoka uani kwenda kwenye gari. Njiani palikuwa na mbao zilizokandamizwa kwa mawe. Kamanda akasema ni shimo la choo kipya. Nikatafsiri hilo pia, na hapo hasira ikaushinda woga, kidogo tu. Kwetu Wanande salamu haiachwi hewani. Mtoto asiyejibu huchapwa hata na jirani, na jirani hushukuriwa. Lakini mtu mmoja aliyewahi kutoka andakini aliniambia kwamba wageni wakija, atakayefungua kinywa atauawa. Niliogopa wakijibu, niliogopa wasipojibu. Nikasimama kando ya mbao, nikapaza sauti kama mgeni anayeingia kwa watu, nikiwauliza kwa lugha yetu wameshindaje:

"Mwasibire!"

Nikatega sikio. Halafu kutoka ardhini zikaja sauti nyingi kwa pamoja, zimekauka:

"Eee, wasibire!"

Meja hakuhitaji mkalimani. Askari waliomsindikiza wakaziondoa mbao, na watu wakaanza kupanda, mikono machoni kwa sababu ya jua. Malachie alitoka wa mwisho, amekonda, shati limemganda mwilini. Nikamkumbatia pale pale mbele ya wote. Alinuka vibaya na sikujali.

Meja akawapandisha garini. Kamanda hakupiga kelele. Alinisogelea, akasema polepole:

"Ah, kumbe ni kaka yako. Donc mama yenu iko Kimemi, pale nyuma ya soko, si njo vile?"

"Anasema nini?" meja akauliza.

"Anasema atamuua mama yangu," nikajibu kwa Kihispania.

Kamanda hakutumia maneno hayo. Katibu alinisikia vizuri, na hakunisahihisha.

Meja akamwamuru dereva aelekee Butembo mara moja. Lakini barabara ya kutoka Beni hadi Kimemi ina vizuizi, na vyote vilikuwa vya kamanda. Gari lilipoanza kuondoka nasi niligeuka, nikamwona kamanda akitembea bila haraka kuelekea chumba cha phonie, ile redio ya kuwaita watu wake wa vizuizini na wa Butembo.

Malachie alinishika mkono. "Mama iko muzuri?"

"Iko muzuri," nikamwambia. Mlango wa phonie ulikuwa umeshafungwa.