Kopo la Baki

Dada Pasi alikuwa na wivu, na wala hakuuficha. Jina hilo alibandikwa na wateja wa duka la dobi alikofanya kazi. Wao walisema ni kwa sababu ya mashati anayonyoosha kutwa nzima, lakini waliomjua vizuri walisema ni kwa sababu ukimgusa tu unaungua. Na wivu wenyewe haukuwa wa mwanamume wala wa nguo. Alikuwa akilionea wivu kopo la maziwa ya unga!

Makopo yalikuwa matano, yamepangwa juu ya kabati la jikoni nyumbani kwa mdogo wake wa kiume. La kwanza la kodi, la pili la umeme na maji, la tatu la chakula, la nne la nauli na dawa. La tano liliandikwa neno moja tu kwa wino mzito: BAKI. Kila mwisho wa mwezi mdogo wake, fundi friji, alimkabidhi mkewe mshahara wote bila kuuliza chochote. Mke akagawa kopo kwa kopo, na kilichosalia kikaingia la tano.

Sasa kwa nini roho isimuume? Baki hiyo ilikuwa yake! Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea huyo mdogo wake kwa jasho la pasi, akamsomesha ufundi, akamfulia ovaroli zake za kwanza. Na mdogo mtu alipoanza kulipwa, kila mwezi akishamaliza bili zake, kilichobaki alikileta kwa mikono miwili: "Dada, hiki chako." Kiwe kikubwa au cha kununulia chumvi tu, kililetwa. Dada Pasi hakuiona kama pesa. Kwake ulikuwa upendo, na aliuhesabu noti kwa noti. Hata mdogo wake alipooa, baki iliendelea kuja kwa miezi michache, halafu ikakatika ghafla kama maji ya bomba. Miaka miwili sasa, hata senti.

"Wifi yangu ana mkono wa birika, jamani," aliwaambia wenzake kazini. "Kaja jana tu, leo kashika makopo yote!"

Kila mwisho wa mwezi alijipitisha pale nyumbani. "Nimekuja kuwasalimia tu." Salamu gani hizo za kuishia jikoni? Wifi akigeuka kuchukua sufuria, yeye keshalifunua kopo la tano. Tupu! Na mdogo wake huyo anatembea na viatu vilivyobandikwa gundi mpaka basi. Pesa inakwenda wapi, kama si kwa ndugu zake huyo mwanamke?

Wifi mwenyewe alikuwa na upole wa kuudhi. "Karibu chai, wifi. Umechoka, wifi, hebu kaa." Dada Pasi alikaa, akanywa, jicho juu ya kabati.

Kitu kimoja tu kilimfariji: ile habari yake na mwenye nyumba. Miaka miwili iliyopita mwenye nyumba alipandisha kodi ya vyumba vyake vyote vinane, kikiwemo alichopanga Dada Pasi. Wee! Asubuhi na mapema alimfuata mlangoni, mkono kiunoni, akampa makavu mpaka majirani wakatoka nje na miswaki mdomoni. Kesho yake yule bwana akamwambia, macho chini, kwamba yeye aendelee na kodi ileile ya zamani. Yeye peke yake, kati ya wapangaji wanane! Habari hiyo aliisimulia kila alipoketi, na kila mara aliitia chumvi kidogo. Mdogo wake alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi naye alicheka, tena palepale panapochekesha.

Basi mama yake wifi akavunjika mguu, na wifi akalazimika kwenda kumuuguza kwa wiki kadhaa.

"Nenda tu, wifi yangu," alisema Dada Pasi, karibu amsukume. "Makopo niachie mimi."

Wifi alisita mlangoni na begi lake. "Nakuomba kitu kimoja, wifi. Lile la mwisho lisiguswe mpaka nirudi. Lina mahali linapokwenda."

"Hamna shida," akajibu Dada Pasi. Moyoni akasema: Ahaa! Nimekushika.

Siku ya mshahara ilipofika, aligawa kama alivyomwona wifi akigawa. Hakubana kitu wala hakumpunja mtu. Kodi, umeme, maji, chakula, nauli, dawa, vyote vikapata haki yake. Mkononi zikabaki noti tatu kubwa, nzimanzima. Dada Pasi alizitazama, akacheka peke yake kama aliyeokota. Hakuzitia kwenye kopo. Alikwenda nazo moja kwa moja dukani akamnunulia mdogo wake viatu vya ngozi.

Fundi alivivaa, akazunguka sebuleni mara mbili, uso umemchangamka. "Kumbe pesa ipo, dada!"

"Ipo. Na ilikuwepo siku zote. Muulize mkeo huwa anaipeleka wapi."

Fundi akaacha kutembea. Furaha ikamtoka usoni taratibu, akakaa kitako na kuanza kufungua kamba za viatu. Dada Pasi aliona, na moyo wake ukapoa.

Siku nne baadaye mwenye nyumba akabisha hodi chumbani kwake.

"Dada, samahani. Ile nyongeza ya mwezi huu haijafika."

"Nyongeza gani?" Mkono ukaenda kiunoni wenyewe. "Sisi si tulishamalizana? Au unataka nikukumbushe?"

Yule bwana hakutishika hata kidogo. Alikuna kichwa tu. "Noti tatu. Huwa analeta wifi yako, kila mwezi. Alinisihi nisikwambie, ila simu yake haipatikani, na mimi nina mahitaji yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja kunitukana. Alikuja jioni ileile. Akasema wewe hutakubali kusaidiwa na yeye, kwa hiyo heri uamini kwamba umenishinda."

Dada Pasi alifunga mlango akakaa kitandani. Mngedhani aliona haya, au alishukuru. Thubutu! Alichohisi kwanza ni wivu, tena mkali kuliko wa miaka yote miwili. Hata ushindi wake kanunuliwa na yule! Kila alipojipiga kifua, mwenzake alikuwa pale pembeni, anajua kila kitu, anamimina chai na kucheka palepale panapochekesha. Alilia kwa hasira mpaka mto ukalowa.

Jumamosi wifi akarudi. Alimkuta mumewe mezani, viatu vipya miguuni, na Dada Pasi kando yake. Akatazama viatu, akatazama kopo la mwisho lililowekwa katikati ya meza. Akaelewa.

"Nina swali moja," alisema fundi. "Kila mwezi zinabaki noti tatu. Miaka miwili zimekwenda wapi?"

"Mambo madogomadogo ya nyumbani, mume wangu."

"Nyumba gani? Hii?"

Wifi akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Unampelekea nani?" Sauti hiyo fundi hakuwahi kuitumia kwa mkewe.

Siku aliyoiota Dada Pasi ndiyo hiyo imefika, na hakutakiwa kufanya lolote. Anyamaze tu, anywe chai. Mdogo wake angerudi kuwa wake, baki ingerudi kwa mikono miwili, na ile habari ya mwenye nyumba ingebaki tamu vilevile. Lakini wifi aliinua macho, akamtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayemtuliza mtoto: usijali, sitasema.

Hapo ndipo aliposhindwa. Kusaidiwa, sawa. Lakini kuhurumiwa tena, mbele ya macho yake?

"Ananilipia kodi mimi!" akalipuka. "Mwenye nyumba hakuniogopa. Alilipwa, na aliyemlipa ni huyu!"

Tusidanganyane, hakusema kwa wema. Alisema ili mwenzake asiendelee kumshinda kimyakimya. Hakupiga hesabu ya kitakachofuata.

Fundi aligeuka polepole akamtazama mkewe. Dada Pasi aliujua mtazamo ule. Ndio aliokuwa akiletewa zamani pamoja na baki, kila mwisho wa mwezi, na hakuwahi kuuona ukienda kwa mtu mwingine. Fundi akainuka, akaishika mikono ya mkewe kwa mikono yake miwili.

Wifi alikuwa akilia. "Ungeniachia tu, wifi," alisema. "Niliipenda sana ile habari yako."

"Hata mimi," akasema Dada Pasi, akachukua pochi yake akaenda kulipa kodi.