Nataka Sauti ya Mama

Mtanzania akifiwa huku Maryland haambiwi kwa simu. Natumwa mimi. Sijui nani aliniteua, lakini tangu mwaka 2001 nimegonga milango kumi na mmoja, kuanzia Shaw, kule Washington, mpaka hapa Germantown ninapoishi, na kazi naijua. Mnakwenda wanawake watatu, mmoja awe na nguvu za kudaka mtu. Mnabeba sufuria ya chakula. Mmoja anachungulia jiko kama limezimwa. Halafu, kabla ya neno lolote, mnauliza, "Umekula?" Akishaambiwa hatatia kitu mdomoni siku mbili. Mama yangu ndiye aliyenifundisha. Kule kwetu, ng'ambo ya Mto Kilombero, yeye ndiye hutumwa.

Kwa hiyo Aprili ile mafuriko yalipoukata mji wetu, mimi sikuwa mtu wa kufichwa kitu.

Kivuko kilisimama na barabara ikazama. Mtandao wa simu ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kilima cha misheni, na kati ya mji na kilima yalijaa maji. Mdogo wangu Zefania alivuka kwa mtumbwi kila siku saa nane mchana. Kwangu huwa saa moja asubuhi, nami nilimpigia kwa kadi kabla sijaendesha gari kwenda College Park, kwa bibi wa Kimarekani ninayemhudumia.

"Vipi huko?"

"Tupo, dada. Chumvi imeisha. Dukani kumebaki viberiti na rangi ya kucha. Watu wanalala madarasani, kuku wako juu ya mapaa. Jana nyoka kaingia zahanati, wagonjwa wote wakapona hapohapo."

Zefania ni mtu wa utani hata msibani.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala."

Kesho yake akaniambia mama yuko kwa masista, anasaidia kupikia watu. Siku ya tatu akasema, "Goti linamsumbua, dada, hawezi kupanda kilima." Goti! Kwanza usingizi, halafu jiko, sasa goti. Mwenye goti bovu anasimamaje kupikia watu mia mbili? Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu kwamba baba yake amelala, na kweli alikuwa amelala, mochwari.

Nikaanza kuchunguza. Nilimuuliza mama amesemaje kuhusu kanga nilizotuma Krismasi. "Kasema ni nzito, zinafaa." Jibu ambalo angelitoa mtu yeyote. Nilitega sikio nisikie kama kuna kilio nyuma yake, nikasikia upepo na vyura tu. Kazini, Wairimu, Mkenya tunayepokezana naye zamu, alinitazama kwa huruma.

"Haki Genoveva, umekonda. Si uende home upumzike? Nitacover shift yako."

Wairimu huyu hajawahi kunipa hata dakika tano! Nikajua ameshaambiwa, anajua yeye na kanisa zima, nimebaki mimi tu.

Siku ya tano nilimbana Zefania.

"Nataka sauti ya mama. Kesho umlete hapo kilimani."

"Dada, maji yanakimbia. Na mtumbwi wenyewe unavuja, napiga kasia mkono mmoja, mwingine nachota maji kwa kopo."

"Wewe mbona unavuka kila siku?"

"Mimi nikianguka naogelea. Mama je?"

"Usinidanganye, Zefania. Kesho nisipomsikia, nitajua amekufa na mmemzika bila mimi."

Akacheka, ila safari hii kicheko kilitoka kwa shida.

"Basi, dada. Kuna mtumbwi mkubwa ng'ambo ya mto. Nitavuka leo kuuazima. Kesho utamsikia mama mpaka uchoke."

Kesho ikafika, simu haipatikani. Keshokutwa vilevile. Niliwaka moto. Nilikuwa naosha vyombo huku namtukana mdogo wangu peke yangu jikoni. Mwongo mkubwa, kumbe anahangaika kutafuta mwanamke wa kuiga sauti ya mama!

Jumamosi saa mbili asubuhi mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa Elieth wa kwaya, na Domina jirani yake, na nyuma yao Wairimu na mabega yake mapana. Domina alikuwa amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa.

Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Hasira ndiyo iliyofungua mlango.

"Karibuni," nikawaambia. "Jiko limezimwa, msihangaike kuchungulia. Semeni tu. Mama amekufa lini?"

Elieth alikuwa na simu sikioni. "Huyu hapa, mama," akasema, akanikabidhi.

"Veva?"

Ilikuwa sauti yake. Ileile ya kukwaruza, na kikohozi chake katikati. Nilikaa sakafuni nikacheka na kulia kwa pamoja. Mungu wangu, wiki nzima nimemzika mtu aliye hai! Nikawainulia macho wale wenzangu ili tufurahi pamoja. Hakuna aliyecheka. Domina alikuwa ameshaanza kupakua wali. Wairimu alikuja akachuchumaa nyuma yangu.

"Shikamoo, mama! Umepandaje huko na goti lako?"

Hakuitikia marahaba.

"Nimebebwa," akasema. "Padri kaleta watu na boti."

"Na Zefania? Mpe simu nimwombe radhi. Nimemsumbua mno, maskini, na kumbe alikuwa anasema kweli."

Nikasikia upepo wa kilimani, na ndani ya upepo sauti za wanawake, wengi, wakiimba chinichini. Mama akakohoa tena. Alipozungumza, alizungumza polepole, kama anavyozungumza akiwa amesimama kwenye milango ya watu.

"Veva mwanangu," akasema. "Umekula?"