Mapovu ya Tonton Tharcisse

Skrini ya Nusura ilikuwa tupu. Kule Uswisi, chembe zilizotimuliwa na mashine kubwa zilikuwa zikipita katikati ya kigunduzi chake kinachojazwa gesi, na kila moja ilipaswa kuacha alama. Hapa Etterbeek, Ubelgiji, kwenye maabara alikoketi akikiongoza kwa kompyuta, hakikuonekana kidoa hata kimoja. Jioni ile kundi jingine lingechukua zamu, na shahada yake ya uzamivu ingebaki hadithi.

"Ongeza volti, mutoto," ilisema spika. Huyo alikuwa Tonton Tharcisse, mjomba kwa heshima tu, mzee wa Lubumbashi aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyesafiri na kigunduzi.

"Gesi inaingia, tonton?"

"Mais oui! Mapovu iko inatoka, niko naona na macho yangu. Unaogopa nini?"

Wenye kazi hii huamini mapovu. Gesi ikitoka kwenye kigunduzi hupitishwa kwenye kichupa cha mafuta, na mapovu yakicheza, kila mtu hutulia. Lakini kama ndani mlikuwa na hewa ya kawaida, volti nyingi zingepiga cheche, na cheche moja ingetoboa utando mwembamba wa ndani alioupigania tangu afike Ubelgiji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo alivyolelewa Tanga. Leo akilisikia, guu lingepona, kikavunjika kigunduzi.

Alibonyeza. Volti zikashuka hadi sifuri.

"Nusura! Zamu yetu iko inaisha!"

"Nisamehe, tonton. Bana kwa vidole ule mpira unaoingiza gesi kwenye kigunduzi, kisha uniambie mapovu yanafanyaje."

Alimsikia akinung'unika Kifaransa. Hofu ilimshika hasa: akikosea, amemwaibisha mzee wa watu na zamu ameiua kwa mkono wake.

"Nimebana." Sauti ya Tharcisse ilikuwa imeshuka. "Mapovu... ingali inatoka."

Basi gesi haikuwa ikiingia kabisa. Ilikatiza hadi kichupani kwa mpira wa pembeni, ule ambao Tharcisse huufungua kila wanaposafirisha kigunduzi. Safari hii hakukumbuka kuufunga.

Mzee aliufunga. Walingoja gesi iifukuze hewa. Kisha Nusura akapandisha volti taratibu, roho mkononi. Kidoa kimoja. Kingine. Mara skrini ikajaa, naye machozi yakamzuia kuona.

"Zinakuja, tonton!"

"Maman Nusura," alisema mzee, yeye aliyemwita mutoto tangu siku ya kwanza, "volti, tuongeze ao tuache?"