Foleni ya Kidato cha Kwanza

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Samahani. Akiitwa kuzibua sinki, huliomba radhi sinki lenyewe kwanza. Miaka yote nilikuwa nacheka na wenzangu. Siku hiyo nilitamani kumtafuna mzimamzima.

Sekondari ya mtaani kwetu ilitangaza kuwa ina nafasi chache zilizobaki za kidato cha kwanza. Anayewahi ndiye anayeandikishwa, mzazi aje na mtoto wake. Binti yetu alifaulu vizuri, lakini hakupangiwa shule yoyote. Akikosa hapo, anakaa nyumbani mwaka mzima. Baba yake akamchukua alfajiri, wakafika geti bado limefungwa, wao wa kwanza kabisa. Akanipigia simu kunijulisha, nami nikaenda kufungua saluni roho kwatu.

Jua lilipopanda nilimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, nikakimbia kuwaona. Niliwakuta mkiani mwa foleni. Mume wangu ameshika kofia mkononi, binti yuko nyuma yake, macho chini.

"Baba watoto, kulikoni? Si mlikuwa wa kwanza?"

"Tulikuwa. Akaja mama mmoja ana kichanga mgongoni, nikampisha. Halafu mzee na mjukuu wake, miguu imemvimba, maskini."

"Na hawa wengine wote nao wamevimba miguu?"

"Waliona napisha, wakaomba na wao. Sasa ningesemaje?"

"Ungesema hapana. Kwani ulimi wako una jipu?"

"Taratibu, mke wangu. Watu wanatusikia."

"Wasikie. Wote wamepita mgongoni kwa mwanangu, wasikie."

Damu ilikuwa inanichemka mpaka masikio yanavuma. Nilikuwa bado nafoka pale karani alipochungulia dirishani na kusema nafasi zimekwisha, turudi nyumbani.

"Haya, asante sana, ndugu yangu," mume wangu akamjibu.

Asante! Nikamsukuma pembeni, nikaligonga lile dirisha mpaka kiganja kikawaka moto. Karani alitikisa kichwa nyuma ya kioo, akavuta pazia.

Yule mama mwenye kichanga akatoka ofisini na mwanawe mkubwa, uso umemchanua. Alipotufikia akasimama.

"Mungu akubariki, kaka. Watu kama wewe wamebaki wachache."

Na mume wangu akatabasamu. Naapa, alitabasamu. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, na nilikuwa tayari kuyatema yote pale pale mbele ya watu.

Binti yetu akaniwahi. Alimshika baba yake mkono wa shati. Hakuwa analia, wala hakupandisha sauti. Alimsemesha kwa adabu ile ile ambayo baba yake alimlea nayo.

"Baba, na mimi utanipisha lini?"

Mume wangu alinigeukia ili nimjibie. Sikumjibia.