Vipimo Viko Sawa

Fundi alikuwa akimvalisha wifi yake gauni jipya, pini amezibana mdomoni, alipoona mkono wa kushoto wa gauni umekuwa mfupi. Jana jioni ulifika kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi hii uliishia karibu na kiwiko. Akatema pini, akailaumu futi yake, ambayo kwa kweli ilikuwa imezeeka na kuvutika, akaenda dukani kununua mpya. Futi mpya nayo ikasema yaleyale. Kitambaa hakikupungua hata kidogo. Mkono wa mtu ndio uliorefuka.

"Unauma?" akauliza.

"Ndio huo unaouma," wifi akajibu. "Ukitulia, unarudi."

Ulirudi wakati wa chakula cha mchana. Kesho yake ikawa zamu ya mguu. Fundi, ambaye hakuwahi kuharibu nguo ya mtu, akawa anashona na kufumua, anafumua na kushona, asijue afuate vipimo vya lini.

Wifi alikuwa mwalimu. Alihamia kwao maumivu yalipomzidi akashindwa kukaa peke yake. Hospitali walishampima damu, mkojo na moyo, wakampiga picha hadi mifupa, na jibu likawa lilelile: vipimo viko sawa. Mwalimu mkuu naye alikuwa amechoka kungoja. Kama daktari hautaji ugonjwa, alisema, basi Jumatatu mtu aonekane darasani, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Majirani walisema anadeka. Walipouona ule mkono ukining'inia nje ya dirisha walitania tu kwamba mwenye mkono mrefu asikaribishwe jikoni. Mume wa fundi, kaka mtu, alikuwa na ushahidi wake: kila asubuhi anaulizwa ameamkaje, na mwenyewe anasema salama.

Fundi naye, tusimtakase, aliwahi kuamini hivyohivyo. Wifi ni wifi. Siku za mwanzo, akisikia anaugulia chumbani, alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili sauti imezwe. Sasa alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Angeweza kubishana na mdomo wa mtu, lakini kubishana na futi hakujua kunaanzia wapi.

Ijumaa wakaenda hospitali pamoja. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye koti lililombana mabegani. Alikuwa bado anasoma majibu pale maumivu yalipokuja, na mkono wa wifi ukaanza kurefuka taratibu, ukapita goti, vidole vikagusa sakafu. Fundi akainama akafungua vifungo vya pindo alilokuwa amemwekea kwenye mkono wa gauni, kitambaa nacho kikashuka kuufuata. Daktari alisogeza kiti chake asije akaukanyaga.

"Vipimo viko sawa," akasema.

"Daktari, nilivyopima mimi haviko sawa."

"Vyako ni vya nguo, mama."

Hakusema kwa dharau, na ilikuwa kweli. Wifi alivitazama vidole vyake pale chini, akasema, bila kumwambia yeyote, kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Daktari akamshauri apumzike na apunguze mawazo. Walipokuwa wanatoka akauliza pindo lile limeshonwa na nani, maana hata yeye koti linamsumbua.

Jumatatu wifi akaingia darasani. Wanafunzi walisogeza madawati kuupisha mkono, kisha wakaendelea na somo. Mwalimu mkuu alipita, akamsifu kwamba siku hizi anaandika hadi juu kabisa ya ubao bila kupanda kiti. Jioni fundi aliposimuliwa hayo alitaka kucheka, akajikuta analia, na hakujua hasa analilia nini.

Lakini kazi aliijua. Tangu hapo, kila asubuhi kabla wateja hawajafika, huenda chumbani kwa wifi yake na futi shingoni, akasimama mlangoni.

"Umeamkaje, wifi?"

"Salama," wifi hujibu akiwa bado kitandani, na mkono wake unamfikia fundi palepale mlangoni.

Fundi huupokea, akaushika kwanza, ndipo akaupima.